Kuligeuza Jibu

Nilipokuwa najiandaa kwa mtihani wa kuomba nafasi ya kusoma nje, kila jioni kichwa kilikuwa kizito. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali huko Kigobe. Baada ya kazi nilibaki mezani na mwenzangu mmoja aliyekwisha kuufanya mtihani huo, tukipitia maswali ya hoja. Aina mbili nilizichanganya kila mara: swali linalouliza hoja imeegemea dhana gani, na linalouliza ni jibu lipi linaloiongezea nguvu.

"Yote yanasaidia hoja," nilimwambia. "Tofauti iko wapi?"

"Geuza jibu kinyume, dada," alisema, naye amechoka. "Hoja ikianguka, hiyo ni dhana, haiwezi kusimama bila yake. Ikibaki imesimama, jibu lilikuwa la kutia nguvu tu."

Nilirudi nyumbani Buterere viatu mkononi, kwa sababu ya matope. Niliishi kwa dada yangu mkubwa, ambaye mumewe alikuwa amekwenda mbali kutafuta kazi na kumwachia watoto wadogo. Nilimkuta akipika maharage.

"Shemeji yako atarudia," alisema. "Kila siku ya Mungu anapiga simu. Na nguo zake aliniambia nisigawe."

Kichwa changu kilichochoka kikaanza kazi chenyewe. Simu na nguo zilitia nguvu. Lakini chini yake palikuwa na dhana asiyoitaja: kwamba mume anataka kurudi. Nikaigeuza, na hoja yote ikaanguka.

"Leo walikufundisha nini?"

"Mambo ya mutihani tu."

"Nifundishe na mi."

Sikuthubutu kumtaja mumewe. Nikatumia mpunga: jirani anasema atavuna vizuri kwa kuwa amepanda mapema. Anadhani mafuriko hayatafagia shamba. Yakifagia, maneno yake hayana kitu. Dada alikoroga sufuria.

Jumapili, siku ya Mungu, simu ilipolia, alitoka nayo uani. Aliporudi aliketi karibu nami.

"Nilimuuliza kama anataka kurudia. Yeye akauliza habari ya watoto."

"Pole, dada."

"Apana. Mi nilijua, mudogo wangu. Nilichoka tu kujua peke yangu."

Mtihani niliufaulu, na nafasi niliipata. Dada alinisaidia kufunga sanduku, akikunja nguo polepole. Hakuniuliza kama nitarudi, nami sikuwa na nguvu za kuahidi.