Mstari wa Kinu

Ulikuwa mwaka wa themanini na nane. La, tusidanganyane: themanini na nane ndipo boti ilipofungwa mashine mpya, na redio ya kuongea na bara ilitangulia boti. Basi themanini na saba, na anayebisha aje na kalenda yake.

Kisiwani kule, chini ya mlima wa moto, aliishi bwana mmoja watu wakimwita Sindano. Kazi yake ilikuwa kuiangalia mashine ya mitetemo: roli la karatasi likizunguka taratibu, na sindano ya wino ikichora mstari mchana na usiku. Mlima ukitulia, mstari hunyooka. Ukijikuna, sindano hurukaruka. Miaka kumi na tisa aliisoma karatasi ile kama wengine wasomavyo uso wa mama mkwe.

Chumba cha mashine kilipakana na jiko, na mkewe akitwanga mahindi, sindano nayo hucheza. Kwa hiyo Sindano alizoea kuandika pembeni, kwa wino: "Mke anatwanga." Mhandisi wa bara, zikimfikia karatasi, hucheka na kuipita sehemu hiyo.

Sasa mkewe huyo alikuwa akifua kwenye chemchemi ya maji ya moto, mwendo wa saa moja na nusu. Siku moja alisema maji yamezidi ukali. Sindano akalipeleka redioni kama mzaha. Mhandisi hakucheka. "Mpe shemeji niongee naye," akasema.

Toka hapo ikawa ndiyo desturi. Kila saa moja asubuhi, salamu mbili tatu kwa Sindano, kisha, "Shemeji yupo?" Boti ikaleta kipimajoto ndani ya boksi lenye pamba, kimeandikwa jina la mama huyo. Sindano alikuwa ameomba kiti chenye mgongo tangu mwaka wa tatu wa kazi. Hakijaja.

"Dakika kumi mlikuwa mnaongea nini?" humuuliza mkewe.

"Maji."

"Maji ndiyo ya kuchekesha hivyo?"

"Mume wangu, nenda kaangalie roli lako."

Mwenye kijicho hata kivuli cha mwenzake hukiona kimenona. Kilichomuuma zaidi si kicheko, ila hili: mlima ukitikisika kweli, itakuwa mkewe kasema kwanza, na yeye na mashine yake wamefuata nyuma kama mkia.

Asubuhi moja mama alitangaza redioni kwamba maji hayashikiki, hata nguo hakuthubutu kutumbukiza. "Sindano, na wewe una nini?" mhandisi akauliza.

"Mstari umelala."

"Basi niite saa nne. Shemeji, hebu nenda ukapime tena. Wewe ndiwe jicho letu huko."

Mama akajifunga kanga, akashika njia. Saa tatu na nusu sindano ikaanza. Mchi hupiga kwa vipimo, tu, tu, tu, mistari hukaa kama meno ya chanuo. Hii ilikuwa ovyo, mmoja mfupi, mmoja mnene, mingine imegandana. Sindano aliijua. Macho yalisoma, roho ikakataa. Akachukua kalamu, akaandika pembeni maneno yale yale ya siku zote. Saa nne ilipofika, akasema redioni, "Kimya tu. Ni mke anatwanga."

"Karudi mapema," mhandisi akasema. "Haya, msalimie."

Saa tano mama akaingia, jasho linamtoka, kipimajoto mkononi. Akainama juu ya karatasi. Kusoma hakuwa hodari, lakini maneno hayo mawili aliyajua.

"Nimetwanga saa ngapi mimi?"

Sindano akajitia kukaza roli.

"Kinu kimelala kifudifudi toka juzi. Katwanga nani?"

"Ita basi," akasema Sindano. "Mwambie rafiki yako."

"Redio ni yako, siigusi." Akavuta kigoda, akaketi. "Ila huko bondeni kuna nyumba kumi na nne, na dada yako yumo."

Sindano akapiga moyo konde, akaita. Akaeleza yote, hata mahali ambapo angeweza kuruka.

"Futa uandike kweli," mhandisi akasema.

"Ni wino, mhandisi. Haufutiki."

"Andika juu yake, basi. Halafu kawatoe watu."

Boti ilifika alasiri, ikaenda safari tatu. Kesho yake alfajiri mlima ukapasuka ubavuni, bonde lote likafunikwa majivu. Hakuwa amebaki humo mtu wala mbuzi; wote walikuwa wameshavuka. Gatini bara, mhandisi alimshika mama mkono kwa mikono yake yote miwili, kisha akamgeukia Sindano, akampa mmoja. Hakumfukuza. Alimpa kazi ya kupanga karatasi kuukuu ofisini, kwenye kiti chenye mgongo mzuri.

Watu wa bondeni walimshukuru Sindano sana, naye shukrani zao zilimwasha kama upupu. Ndipo siku moja, mama akikunja nguo, Sindano akamuuliza kwa upole tu:

"Hivi, kama mimi ndiye ningekuwa huko bara kwenye redio, na yeye ndiye aliyekuwa humu ndani na wewe, ungecheka vile na mimi?"