Kikonyo cha Boga na Sauti ya Mama

Jumapili, tarehe tisa Aprili. Mvua ya mawe alasiri, imechanachana majani ya chai. Sasa ni ukungu tu. Jana, siku ya Sabato, kanisani niliimba mpaka koo likakauka, na leo mkaza mwanangu alipoleta mboga ya maboga jikoni, nilichomoa kikonyo kimoja nikabaki kukitazama. Rafiki yangu unayesoma haya, shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hivyo nisamehe nikiruka mahali.

Sisi tulikaa ng'ambo hii ya mto, upande wa Keumbu, na Nyanya, mama yake Mama, alikaa ng'ambo ile. Kila jioni Mama alisimama nyuma ya jikoni akaita kuvuka bonde: "Mama, mmekula nini?" Naye Nyanya, "Viazi, na maziwa ya mgando! Na ninyi?" Ndivyo walivyojuana kuwa wazima. Siku mmoja asipoitika, mwingine anashuka mtoni mbio.

Mwaka wa sitini na nane, au labda sitini na tisa, Mama aliongoza nyimbo kwenye makambi ya kanisa wiki nzima, bila kipaza sauti. Akarudi sauti inakwaruza kama jiwe la kusagia wimbi. Akaanza kunong'ona, na sisi wote kwa huruma tukanong'ona, hata Baba, hata jirani aliyekuja kuomba moto. Nyanya alivuka mto akatukuta hivyo, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Hapa ni nyumbani ama mnavizia kuku wa watu? Kunong'ona kunachosha koo kuliko kuongea. Ongea kidogo, polepole, ama unyamaze."

Akakata kikonyo cha jani la boga, kile chenye tundu, akakichovya kwenye kibuyu cha maji vuguvugu. Akaagiza Mama apulize humo huku akivumisha wimbo bila maneno, maji yatoe mapovu, shingo iwe legevu. Asubuhi na jioni. Asikohoe kwa nguvu kusafisha koo, ameze maji. Ainamie sufuria yenye mvuke, shuka kichwani. Na asiite kuvuka bonde mpaka aruhusiwe. Kuita nikapewa mimi, na kasauti kangu kembamba. "Toa tumboni, wewe kifaranga!" Nyanya alinirudishia kutoka ng'ambo.

Sauti ya Mama ilikuwa imeanza kurudi. Ndipo asubuhi moja ng'ambo ikaita, na haikuwa Nyanya. Ilikuwa mjomba. Nyanya hakuamka.

Kwetu, binti anayekwenda kumzika mamake huanza kulia akiwa bado mbali, watu wajue ni nani anakuja. Mwalimu wa kwaya alimwahi Mama njiani. "Dada, lia moyoni. Koo bado bichi. Ukiliachilia leo, halitarudi." Shangazi, dada yake Baba, akasema, "Mtu huingia kwa mamake kimya kama mwizi?"

Nimewaza miaka mingi nani alikosea, na simwoni. Mwalimu alimhurumia. Shangazi naye alijua maneno ya watu yanavyouma. Mama akaendelea na njia. Tulipofika mtoni alilia, na bonde lote likamjua.

Mwalimu alisema kweli. Mama alipuliza kikonyo miezi na miezi. Mapovu yalitoka, sauti ile haikutoka. Hakuongoza nyimbo tena. Lakini kila jioni alisimama palepale nyuma ya jikoni akasema tulichokula, kwa sauti isiyovuka hata migomba yetu.

Siku hizi watu wa ng'ambo wanapigiwa simu. Boma la Nyanya limepandwa chai. Sijui kama haya nimeyaandika inavyofaa. Nimepuliza kikonyo, mkaza mwana akanicheka, kisha nikatoka nyuma ya jikoni, kwenye ukungu.

Mama. Nyanya. Jioni hii tumekula ugali wa wimbi na mboga ya maboga.