Kahawa ya Mubarak niliyoimwaga, nusura duka langu la Ibra life

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimewaona vijana humu mkibishana kuhusu strategy za biashara, namna ya kuishi na wafanyakazi, wauzaji na wateja. Nikasema niwape kisa changu. Kimenikuta mwenyewe, sikuongeza chumvi, na hadi leo nikikikumbuka mwili unanisisimka.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa na duka la samaki wakavu Ibra, mji wa bara huko Oman. Mimi mzaliwa wa Unguja, Oman nimeingia mtu mzima. Mtaji ulikuwa bangili za dhahabu za mke wangu, nimeziweka rehani. Duka likifa na bangili zimekwenda, na nyumbani hapakaliki.

Papa wetu wakitoka pwani, Ashkhara. Safari ndefu, njia yenyewe mchanga na mawe, kwa hiyo mimi siendi. Akienda dereva wangu Mubarak, mtu wa huko huko, anarudi na pikapu imejaa. Kila mtu na kazi yake. Nilijiona najua management kweli kweli.

Asubuhi kabla ya kufungua tukikaa mkekani kwa tende na kahawa, ile chungu ya kwao. Namimina mimi, nampa.

Siku moja Mubarak akapokea kikombe, akakiweka chini. Hakunywa. Ananitazama tu.

Kesho yake vile vile. Nikadhani kahawa imemchosha. Nikaichukua, nikaimwaga nje, tukaendelea na kazi. Siku ya pili yake nikampikia chai ya maziwa, tena nikajiona bosi mwenye huruma.

Akaacha kazi. Hakugombana na mtu. Alirudisha ufunguo wa pikapu, akaaga kwa adabu, akaenda kwao.

Baada ya hapo samaki wakakatika. Nikatuma dereva mwengine, akarudi mikono mitupu. Wavuvi wamemwambia hawana cha kuuza, na papa kawaona kwa macho yake wameanikwa ufukweni.

Wateja wakaanza kupungua. Mwisho aliyebaki ni Bi Shamsa, bibi wa Ibra aliyekulia Unguja. Akaja siku moja, nikamwamkia, nikamwambia papa hakuna. Nikamweleza mkasa wote, na habari ya kahawa nikaitia kwa kicheko.

Yeye hakucheka.

"Uliimwaga?"

"Ilikuwa imeshapoa, Bi Shamsa."

"Ya Rabbi. Mwanangu, huku mtu akiweka kikombe chini hajanywa, ana haja kwako. Unamuuliza haja yake. Wewe ukimwaga, umeshamkatalia."

Nikakaa juu ya gunia tupu. Mtu kaniomba, tena zaidi ya mara moja, nami namjibu kwa maziwa na sukari!

Alfajiri nikashika njia mwenyewe hadi Ashkhara. Mubarak hakunifungia mlango. Alitandika mkeka, akaleta tende, na wavuvi majirani zake wakaja kukaa. Akanimiminia kahawa.

Nikaiweka chini.

Akakitazama kikombe, kisha akanitazama mimi.

"Haja yako nini, Bu Salim?" Ndivyo alivyozoea kuniita, baba wa Salim.

"Haja yangu ni ile yako niliyoimwaga. Niambie ilikuwa nini."

Akaeleza. Wavuvi walikuwa wakimuuliza huyo tajiri wako ana sura gani, mbona hatumjui. Na tajiri mwengine kutoka mji wa Sur alishakuja, kakaa nao, kala nao. Mubarak alitaka nifuatane naye nije kuwaamkia kabla hawajanihama. Basi. Haja yake ilikuwa hiyo tu.

Yaani alikuwa akiniombea duka langu mwenyewe.

Mvuvi mkubwa wao akasema, "Si umeshafika? Ishrab, kunywa."

Nikanywa yote. Ilikuwa imeshapoa.

Tulirudi Ibra na mzigo, Mubarak kwenye usukani, mimi pembeni. Toka siku hiyo kila msimu nikenda naye. Bangili za mke wangu zilirudi mkononi, na Bi Shamsa akawa wa kwanza kuchagua papa.

Nilichojifunza: mfanyakazi anajua mahali duka linapovuja kabla yako, lakini atakwambia kwa namna ya kwao. Muulize.

Haya, wenye wafanyakazi humu, ni nani kanyamaza mbele yenu siku hizi, nanyi mnadhani kachoka tu? Semeni hapa chini. Na mkinicheka kwa ile chai, ni haki yenu.