Bibi Aliyegoma Kula Ili Niache Kazi

Kuna bibi aligoma kula siku mbili ili mimi niweze kuacha kazi.

Si ndugu yangu. Nilijua jina lake, Kunigunda, na presha yake. Basi. Ngoja niwape mkasa wenyewe, na mwenye kubisha abishe.

Mwaka 1995. Naitwa Notburga, daktari msaidizi, mzaliwa wa Litembo. Serikali ilikuwa imeruhusu tena zahanati za watu binafsi, na pale Mbinga mjini mnunuzi mmoja wa kahawa, Cuthbert, akafungua yake. Akanifuata kwenye kituo cha serikali nilikokuwa, ambako mshahara ulikuwa unakuja ukijisikia.

"Daktari, kwangu tarehe thelathini ni tarehe thelathini," akasema.

Nikahama. Sikuona aibu. Mwalimu anahama, dereva anahama, kwa nini daktari aolewe na kituo?

Akaniomba cheti changu halisi cha udaktari, eti mkaguzi akija akione. Nikampa. Hapo nilijifunga kamba mwenyewe.

Miezi sita mambo safi. Kisha ikaja amri: mgonjwa wa presha apewe vidonge vya siku tatu tu, halafu arudi.

"Bosi, wengine wanatoka Ukata, nusu ya njia kwa miguu."

"Watazoea. Ukimpa vya mwezi, mwezi mzima hatumwoni wala hela yake."

Nilicheka nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Mimi nikaendelea kutoa vya mwezi. Naandika kwenye daftari la mgonjwa, lile la shule analokuja nalo kutoka nyumbani, namwambia nenda zako, tuonane mwezi ujao. Bibi Kunigunda wa Ukata alikuwa mmoja wao. Alikuwa anakuja siku ambazo Cuthbert yuko vijijini kwenye kahawa. Sikujiuliza kwa nini.

Nikaenda likizo wiki mbili. Niliporudi nikamkuta bibi kwenye benchi, miguu imevimba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja hapa mara nne tangu uondoke. Mwenzako aliyeshika nafasi yako ananipa vya siku tatu tatu."

Nikampima. Presha ilikuwa juu kiasi cha kunitisha. Nikampa vya mwezi, nikamtafutia gari la kurudi. Cuthbert alipofika jioni, nilikuwa namsubiri mlangoni.

"Naacha kazi."

"Mkataba ni miaka mitano."

"Nishtaki. Nipe cheti changu."

Akafunga kabati la chuma, ufunguo akatia mfukoni. "Bila hicho wewe ni nani, Notburga? Muuza karanga."

"Nitauza karanga," nikamwambia, "na mfuko wangu utajaa."

Maneno ni rahisi. Kulikuwa na zahanati ya masista huko ziwani walionihitaji tangu zamani, lakini Sista Walburga alinieleza wazi: bila cheti halisi hapana, na nafasi itanisubiri mpaka Jumatatu. Kuandikia chuo wanipe kingine ni suala la miezi. Nilirudi kwa Cuthbert mara mbili, mlinzi hakunifungulia. Mbinga nzima ikajua nimenyimwa cheti.

Ijumaa nililia, sitaficha. Kisha nikafunga mizigo. Nilisema nitakwenda hivyohivyo, hata kama ni kufagia wodi.

Jumapili baada ya misa, bibi Kunigunda akapiga hodi kwangu. Akakaa, akaomba uji, akanywa vikombe viwili. Kisha akafungua kitenge, akatoa daftari lake. Katikati ya daftari kulikuwa na cheti changu.

"Bibi, umekipata wapi?"

"Kwa mwanangu."

"Mwanao nani?"

"Huyo Cuthbert wenu."

Nilikaa chini.

"Nilikuwa nakuja akiwa hayupo," akasema. "Nilitaka nione anavyowafanyia watu wasio mama yake. Nimeona. Ijumaa nikaenda kwake, wakwe zake wapo. Ugali ukaletwa, nikasema mimi hapa sili mpaka karatasi ya yule binti itoke. Jana vilevile. Wakwe nao wakaacha kula, wakataka kuondoka. Leo alfajiri kafungua kabati mwenyewe."

Kwetu Wamatengo hilo halina rufaa. Mama akikataa ugali wa mwanae mbele ya wakwe, kijiji kizima kinauliza huyo kijana kafanya nini.

"Bibi, na presha ile ukakaa na njaa?"

"Vidonge nilimeza. Si ulinipa vya mwezi?"

Jumatatu nilishuka ziwani na lori, cheti kifuani.

Miaka mitatu baadaye Cuthbert aliingia chumbani kwangu kulekule ziwani, amekonda, daftari mkononi. Presha kama ya mama yake ilikuwa imemfikia. Kwenye zahanati yake mjini hakuna daktari aliyekaa zaidi ya miezi minne.

Nikampima, nikaandika, nikamsogezea dawa. Akazihesabu.

"Za mwezi mzima?"

"Za mwezi mzima. Mbinga ni mbali."

Akainamisha kichwa. Nikaita mgonjwa mwingine.

Wewe uliyeajiriwa leo, fanya kazi ya watu vizuri, lakini cheti chako lala nacho mwenyewe. Na siku ukiona kazi inakugeuza uwe mtu ambaye mama yake angekataa ugali wake, hama. Usiombe ruhusa.