Sanduku Jeusi la Bibi Arusi

Kolwezi unaweza kutembea na godoro kichwani, watu watakupisha na kukutania, basi. Lakini beba sanduku dogo jeusi lenye mkanda wa begani, uone. Utasindikizwa kwa macho mpaka mlangoni, kwa sababu kila mtu wa mji huu anajua hiyo ni mashine ya kupima madini, ile ya kwenye madepo wanakonunua mawe. Unaiwekea jiwe, inakutolea asilimia: shaba kiasi hiki, kobalti kiasi hiki, na bei inafuata. Na mchimbaji anaapa kwa mama yake mzazi kwamba inadanganya.

Mama Henriette Mukuna, muuza vitenge, miaka hamsini na saba, hakuwa na habari na madini. Sanduku lake lilikuwa la kukoroma.

Jamani, tusifichane: Mama Henriette alikuwa anakoroma. Majirani walishamuuliza binti yake Ndaya kama pale nyumbani wameleta mashine ya kusaga mahindi. Na mchana ndiyo usiseme. Yuko sokoni anapima kitenge, mita moja, mita mbili, halafu kimya. Mteja anageuka, mama kalala akiwa amesimama, kitambaa mkononi. Ndaya, ambaye ni muuguzi Lubumbashi, akamburuta kwa daktari. Daktari akamweleza kwamba akilala koo linajifunga, pumzi inakatika, moyo unahangaika, na siku moja pumzi inaweza kukataa kurudi. Akapewa sanduku jeusi lenye mkanda, ndani yake mashine inayopuliza hewa kwa bomba mpaka kwenye kinyago cha puani. Asubuhi ya kwanza baada ya kuivaa, Mama Henriette alifagia ua wake na ua wa jirani, akiimba.

Sasa hapo ndipo akaingia Tata Edouard.

Tata Edouard Ngoy alikuwa karani wa reli Lubudi, amestaafu, mjane wa miaka minne, sharubu zimekatwa kwa rula, mashati yamepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alijiunga na kwaya ya parokia, sauti ya nne, na Mama Henriette akasahau maneno ya wimbo alioimba tangu utoto. Wakachumbiana miaka miwili, uchumba wa watu wazima wenye watoto wakubwa na padri mkali: Jumapili baada ya misa, chai kwa Mama Henriette, saa kumi na mbili jioni Tata anavaa kofia anarudi kwake. Usiku wake haukujulikana, wala wa mama haukujulikana. Mara ishirini Mama Henriette alifungua mdomo. "Tata Edouard, kuna neno moja napashwa kukuambia..." Mwanaume anaweka kikombe chini, anamtazama kwa macho yale ya upole. Na mama anamaliza, "...ongeza sukari."

Angemwambia nini? Kwamba bibi arusi analala na bomba puani kama mgonjwa wa hospitali, na bila bomba anakoroma kama kinu? Mwanaume gani angebaki?

Wakafunga ndoa Jumamosi. Usiku wa arusi hakuna aliyelala, maana ba-mama wa kwaya walicheza uani mpaka jua likatoka. Na Jumapili mwenyekiti wa kwaya akasimama, akakohoa, akatangaza zawadi: maarusi wanakwenda croisière! Alilivuta lile neno mpaka kanisa zima likapiga vigelegele. Siku tatu na malala mawili, yaani usiku mbili, juu ya ziwa la Nzilo, katika bateau inayoitwa Mapendo, yenye ghorofa mbili, vyumba vinane, muziki na samaki.

Chumba kimoja. Kitanda kimoja. Mama Henriette alipiga vigelegele pamoja na wengine huku akiwaza sanduku lake.

Alasiri ileile, pale gatini, mbeba mizigo aliliinamisha sanduku, kifuniko kikafunguka kidogo, na kioo cha namba kikachungulia. Kijana mmoja aliyekuwa kwenye foleni, Mechack, mchimbaji wa Fungurume aliyekuja kupumzika na wenzake, akatoa macho.

"Mama! Ile njo mashine ya kupima?"

Tata Edouard aligeuka. Watu wote waligeuka. Na Mama Henriette, Mungu amsamehe, akasema, "Mm."

Basi tu. Mm moja.

"Kumbe bibi yangu anapima madini!" Tata Edouard akacheka mpaka sharubu zikapinda. "Na hukuniambia hata siku moja! Lete, lete, nitabeba mi mwenyewe." Akalibeba kifuani kama mtoto wa ubatizo, akawa anawaambia watu ngazini, "Pole pole, ni mashine ya bibi yangu."

Mpango wa Mama Henriette ulikuwa rahisi: mume akishalala, yeye achomeke mashine, avae kinyago, alfajiri avue kabla mume hajaamka. Hakujua mambo mawili. La kwanza, Kapteni Kabemba alikuwa anazima jenereta saa tatu usiku, na umeme unakufa nayo. La pili, Tata Edouard hakulala.

"Ulale, Tata Edouard. Umechoka."

"Ulale wee kwanza, Mama Ndaya."

"Mi sina usingizi."

"Na mi vilevile."

Kila alipofumbua jicho moja, alikuta mawili ya mumewe yanamtazama. Mwishoni mama akasema anatamani kuona nyota, akatoka akakaa kwenye kiti cha nje. Mume naye akatoka, akakaa kando yake. Mpaka kukakucha walikuwa wamehesabu nyota za kutosha kujaza mbingu mbili, na kila mmoja amemwambia mwenzake mara sita kwamba hajachoka hata kidogo.

Jumatatu asubuhi Mapendo ilitia nanga kwenye ncha moja ya nchi kavu ili wapishi wachome samaki. Abiria wakashuka kunyoosha miguu. Sasa mtu wa Kolwezi umpeleke popote, ziwani, makaburini, mbinguni, akiona jiwe lenye rangi ya kijani atainama tu. Ni mkono wenyewe unaokwenda. Baada ya nusu saa watu walirudi botini mifuko imejaa, suruali zinashuka, na wote wakanyoosha kwa Mama Henriette.

"Mama, tupimie kidogo!"

"Mama, angalia hii, ni nzito!"

Mama Henriette alikaa kwenye meza ya chakula, sanduku mapajani limefungwa, mikono juu yake. Akasema mashine haipendi hewa ya maji. Akasema imechoka na safari. Akasema mashine ya kwake haipimi mtu akiwa na njaa, basi wakamletea samaki mzima na bukari, ugali wa kutosha watu watatu, naye, kwa aibu ya kukataa, akala yote. Halafu hakuna kisingizio kilichobaki. Akachukua jiwe la Mechack, akalipima kwa kiganja kama anavyopima nyanya, akasema kwa sauti ya padri, "Tatu kasoro."

"Tatu?" Mechack akaruka. "Tatu kasoro? Hata huku ku maji munatuiba?"

"Na langu, mama?"

"Mbili."

"Mbili! Angalia rangi!"

Tata Edouard alisimama nyuma ya kiti chake akiwa amejaa fahari. "Muheshimu bibi yangu. Akisema mbili, ni mbili."

Jua la saa sita lilikuwa limewakalia utosini. Tumbo la mama lilikuwa limejaa. Malala mawili mazima hakuwa amefumba jicho. Aliinua jiwe la nne, akafungua mdomo kutaja namba, na namba haikutoka. Kichwa kikashuka kifuani.

Yaliyofuata alisimuliwa baadaye, na kila msimulizi aliongeza chumvi yake. Inasemekana wa kwanza kushtuka alikuwa Kapteni Kabemba, aliyetelemka mbio kwenye chumba cha injini, akarudi akijifuta mikono na kusema, "Lakini injini nilizima!" Watu walianguka kwa kicheko. Mechack alikaa sakafuni akishika mbavu. Glasi, wanasema, zilikuwa zinatetemeka mezani, ingawa hilo mimi siliamini.

Halafu mkoromo ukakatika.

Watu waliendelea kucheka, wakidhani mama ameamka. Aliyeacha kucheka ni mmoja. Tata Edouard aliinama, akaweka sikio karibu na mdomo wa mkewe. Akangoja. Akangoja tena. Kisha akapiga ukelele ambao hakuna mwanakwaya aliyewahi kuusikia kwake, akamshika mabega, akamtikisa mpaka kitambaa cha kichwa kikaruka.

Mama Henriette akavuta pumzi moja ya nguvu, akafumbua macho. Alichokiona kwanza ni uso wa mumewe. Ulikuwa umekuwa wa majivu, na mikono yake bado imemshika mabega. Kisha akaona watu, akaona vicheko vilivyosimama nusu, akajua.

Yamekwisha, alijisemea. Ameona.

Aibu ikishavuka shingo, mtu anakuwa jasiri. Akafungua sanduku mbele yao wote, akatoa bomba, akatoa kinyago, akaviweka mezani katikati ya mawe.

"Haipime jiwe hata moja," alisema. "Njo yangu ya kulala. Mi nakoroma, Tata Edouard. Shingo inafungika, pumuzi inakatika, na iyi mashine njo inanipulizia. Niliogopa. Nilisema utakatala kunioa."

Mechack akauliza kwa unyonge, "Sasa ile tatu kasoro, mama, uliitoa wapi?"

"Ku kichwa."

Mechack akafikiri. "Basi ni sawasawa na ya ku depo."

Hapo boti nzima ikalipuka, wapishi wakagonga masufuria, na hata Mama Henriette akajikuta anacheka na machozi yanamtoka. Lakini alipogeuka, kiti cha nyuma yake kilikuwa kitupu. Tata Edouard alikuwa amekwenda peke yake mpaka mwisho wa boti, ameshika chuma cha ukingo, mgongo kwa watu. Kicheko kikamkauka mama mdomoni. Akaenda, akasimama hatua mbili nyuma yake, tayari kuambiwa kwamba ndoa imekwisha.

"Louise alikufia pembeni yangu," Tata Edouard alisema bila kugeuka. Louise ndiye aliyekuwa mkewe wa kwanza. "Kwa kitanda kimoja. Mi nilikuwa nalala. Asubui nikamugusa, alishakuwa baridi. Sikusikia kitu."

Mama Henriette akasogea mpaka ukingoni.

"Tangu ile siku silalake usiku. Nasikilizaka tu. Nalala muchana, ku kiti, saa moja, saa mbili. Na mi niliogopa kukuambia. Utasema ni mwanaume gani uyu, kila usiku macho wazi kama bundi. Jana kila ukinyamaza nilisogea kusikiliza kama ungali unapumua." Akageuka. Sharubu zilikuwa zimelowa. "Na leo, Henriette, nimesikia inakatika. Nimesikia na masikio yangu."

"Imerudi, Tata. Niko."

Mumewe akamshika mkono, akaushika sana. Kisha Tata Edouard akauliza jambo ambalo mama hakulitegemea kabisa.

"Ile mashine inapigaka makelele?"

"Kidogo tu. Ni kama mutu anapuliza chai ya moto."

"Usiku muzima?"

"Usiku muzima, kama courant ya jenereta iko."

"Na kama inapuliza, wee unapumua?"

"Napumua."

Tata Edouard akanyoosha shati, akapangusa sharubu, akaenda moja kwa moja kwa Kapteni Kabemba, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kusimamisha treni. Akasema jenereta isizimwe. Kapteni akasema hapana, haijawahi kutokea, abiria watalalamika, hakuna atakayelala kwa ule mvumo.

"Kapteni," Mechack akaita kutoka mezani, "tulishasikia mama. Jenereta njo nini?"

Ikapigwa kura ya mikono. Hata wapishi walipiga. Jenereta ikashinda.

Jumanne asubuhi Mapendo ilifika gatini saa tatu. Abiria walishuka na mizigo, na mawe yao, na nchi kavu walikuwa wanangoja ba-mama wa kwaya na ngoma, wamevaa sare ya arusi, wamekuja kupokea maarusi. Waliimba wimbo wa kwanza. Wakaimba wa pili. Ngazini hakuonekana mtu. Wakaanza kutazamana na kuminyana, na mwenyekiti wa kwaya akasema maneno ambayo mwenyekiti wa kwaya hapaswi kuyasema. Kapteni Kabemba akapanda juu, akagonga mlango wa maarusi, kwanza kwa kidole, halafu kwa ngumi.

Mama Henriette alifumbua macho. Jua lilikuwa limejaa chumbani. Kando yake Tata Edouard alikuwa amelala chali, mdomo wazi, shati limekunjamana, mkono mmoja juu ya lile bomba. Hakusikia kugonga. Hakusikia ngoma wala vigelegele. Mama alimtazama, akahesabu pumzi zake moja baada ya nyingine, mpaka mlango ukagongwa tena.

Akainuka pole pole asivute bomba mkononi mwa mumewe. Kinyago kikiwa bado puani, akafungua mlango, na kwaya nzima kule chini ikamwona.

"Mama, bantu banangoja!" Kapteni akasema. "Tuko saa ine!"

"Bangoje," Mama Henriette alimwambia kwa sauti ya chini. "Bwana yangu analala."

Akafunga mlango, akarudi kitandani.