Mita Moja na Sentimita Nane

Ni lini mara ya mwisho mtu alikuomba sahihi yako kwa sababu ya kitu unachokijua? Sisemi sahihi ya kupokea mbolea ya ruzuku, wala ile ya kuthibitisha kwamba ulihudhuria semina na kunywa soda. Nasema mtu akuletee karatasi na kukwambia: wewe ndiye unayejua, andika, tia sahihi, sisi tutafuata.

Kasimiri aliisubiri siku hiyo miaka kumi na mmoja.

Ana stashahada ya ujenzi kutoka Chuo cha Ufundi Nsungwa, hapa Sumbawanga, chuo nilichosoma hata mimi. Stashahada yenyewe imo kwenye mfuko wa nailoni, inaning'inia kwenye msumari chumbani kwake Mazwi, karibu na pampu ya baiskeli. Ametuma barua za maombi ya kazi arobaini na sita. Amejibiwa mara mbili, na jibu moja lilikuwa la mtu mwingine. Kwa hiyo anajenga misingi ya nyumba za watu, anaweka vigae, anachimba mashimo ya vyoo. Kila asubuhi utamwona juu ya baiskeli, begani amejiviringishia mpira mwembamba wa plastiki, ule ambao mafundi huujaza maji ili wajue upande upi uko juu na upi uko chini. Nchi inasomesha watu kupima, kisha haitaki kusikia vipimo. Hilo nimelisema kwenye vikao vitatu na nitalisema kwenye cha nne nikialikwa.

Cheo alichokuwa nacho Kasimiri kilikuwa kimoja tu: mwenyekiti wa mashabiki wa timu ya magongo ya Nsungwa.

Ndiyo, Ufipa tunacheza mpira wa magongo. Vyuo ni viwili tu, lakini viwili vinatosha kuchukiana. Sisi tunaitwa Nyundo. Wapinzani wetu ni Chuo cha Ualimu Lwela, nao wanaitwa Chaki. Kila mwezi wa saba, baridi ikiwa imekomaa na vumbi limeanza, tunacheza fainali. Hakuna nusu fainali. Mechi huchezwa kwetu kila mwaka, kwa sababu uwanja wa Chaki una mkaratusi katikati, na mkaratusi huo ni mali ya parokia.

Uwanja wetu nao una historia. Zamani lilikuwa shamba la ulezi. Mkuu wa chuo wa kwanza aliwaambia wanafunzi wauandae, kisha akasafiri kwenda Mbeya. Wanafunzi walikuwa watoto wa Kifipa na walikuwa na majembe. Mkuu aliporudi alikuta matuta ya mviringo mia mbili na kumi na mawili, kila moja limefukiwa nyasi chini kama kilimo cha Kifipa kinavyotaka, tayari kwa mbegu. Ilibidi wayasawazishe. Waliyasawazisha kwa macho, na hakuna aliyepima.

Katika fainali saba zilizopita tulikuwa tumeshinda sita, na karibu kila goli la ushindi liliingia katika dakika kumi za mwisho. Tuliziita dakika za Nyundo. Kwa heshima ya mwenyeji, nahodha wetu alichagua upande bila kurusha sarafu, na daima alichagua tumalizie kwa kushambulia goli la kusini, kwa kuwa ndivyo waliomtangulia walivyofanya. Wakati wa mapumziko Kasimiri alivaa kofia yake ngumu ya njano, iliyoandikwa MWENYEKITI kwa rangi ya mafuta, akapanda juu ya toroli na kutuhutubia.

"Chaki wanachoka kwa sababu wamekaa wakisoma! Sisi hatuchoki kwa sababu tumebeba zege!"

Tulilia. Nasema kweli, mimi nililia miaka mitatu mfululizo.

Kiongozi wa mashabiki wa Chaki ni Mwalimu Bertilla, anayefundisha fasihi Lwela. Huja uwanjani na sweta mbili, kitenge na riwaya. Kila fainali alimwazima Kasimiri riwaya moja, na kila fainali iliyofuata Kasimiri aliirudisha ikiwa imeandikwa pembeni kwa penseli.

"Ukurasa wa themanini," alimwambia mwaka juzi, "paa lisingeanguka."

"Fundi, paa limeanguka kwa sababu mwenye nyumba amefiwa. Ni huzuni ile."

"Huzuni ina kilo ngapi?"

"Ndiyo maana hamwajiriwi," alisema Mwalimu Bertilla. "Mnasoma nguzo tu, watu hamuwaoni."

"Na nyinyi mnaajiriwa, halafu mnawafundisha watoto kwamba daraja linaweza kushikiliwa na mapenzi. Ukurasa wa mia moja na tatu."

"Lilishikilia!"

"Kwenye karatasi, Mwalimu. Kwenye karatasi hata mimi ni injinia."

Baada ya kufungwa mwaka jana, Chaki waliandika barua kwa kamati ya mashindano kwamba uwanja wetu umelala upande mmoja. Kamati ni Mwalimu Cleophas, mstaafu wa michezo, ambaye pia ndiye mwamuzi. Kamati haikuwa na mpimaji. Ikawaambia Chaki wapendekeze mtaalamu yeyote wanayemwamini. Mwalimu Bertilla aliandika jina la Kasimiri.

Watu wake walimjia juu. Aliwajibu, na jibu hilo lilitufikia hata sisi: "Mtu anayenirudishia riwaya na makosa ya daraja yamepigiwa mstari hawezi kunidanganya sentimita."

Sisi Nyundo tulifurahi. Tulisema wamejikaanga kwa mafuta yao wenyewe.

Jumamosi ya fainali, saa mbili asubuhi, Kasimiri alianza kupima. Alipiga vigingi toka goli la kaskazini hadi la kusini, akapita kutoka kigingi hadi kigingi na mpira wake wa maji. Upande wa pili wa mpira aliushika Timoth, mwanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho, ambaye ameshapanga atakuwa injinia wa reli huko Dodoma na ameshanunua miwani ya jua kwa ajili hiyo. Mashabiki wa pande zote mbili tulisimama pembeni, mikono kwapani kwa baridi.

"Mpimeni na mwamuzi!" walipiga kelele Chaki. "Na yeye ameinama upande wenu!"

"Nendeni mkaukate mkaratusi kwanza!"

Kasimiri alifika goli la kusini, akajumlisha kwenye daftari. Akarudi mwanzo na kupima tena. Mara ya tatu alipima kutoka kusini kwenda kaskazini. Maji yalisema neno lilelile. Goli la kusini lilikuwa chini kuliko la kaskazini kwa mita moja na sentimita nane.

Timoth alisoma daftari kwanza. Akamvuta pembeni, nami nikawafuata.

"Mwenyekiti, andika sentimita nane. Hiyo mita moja iache."

"Niiache iende wapi?"

"Popote! Mwenyekiti, Ufipa nzima ni mteremko. Ukiangusha mpira hapa utaokotwa Kipili, ziwani. Kwani sisi ndio tulioiumba?"

"Sisi ndio tuliokuwa tunachagua kumalizia kusini."

"Hatukujua!"

"Sasa tunajua," alisema Kasimiri.

Nilimwambia na mimi. Nilimkumbusha ile hotuba ya zege. Nilimwambia kuna vijana hapa ambao kitu pekee wanachokiamini maishani ni dakika za Nyundo, na kwamba imani ya vijana si kitu cha kuchezea. Nilizungumza vizuri sana. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nina kalamu.

Mwalimu Cleophas alileta karatasi. Chini kabisa alikuwa ameandika kwa mkono: "Jina na sahihi ya mtaalamu." Kasimiri alilitazama neno la mwisho muda mrefu kuliko alivyoyatazama maji. Akaandika vipimo. Akaandika jina lake, na chini yake, Fundi Sanifu, Ujenzi. Kisha akatia sahihi. Ilikuwa sahihi ndefu yenye mkia, na ilionekana wazi kwamba alikuwa ameifanyia mazoezi.

"Una hakika?" aliuliza Mwalimu Bertilla kwa sauti ya chini. Nadhani alimwonea huruma.

"Maji hayana chuo, Mwalimu."

"Basi leo tutarusha sarafu," alisema Mwalimu Cleophas, akaikunja karatasi na kwenda kunywa chai.

Kikao chetu kilifanyika nyuma ya goli la kaskazini, lile la juu, na kilichukua dakika nne.

"Wanaotaka Mwenyekiti apumzike, wanyooshe mikono," alisema Timoth.

Ilinyooshwa mikono thelathini na miwili. Mmoja ulikuwa wangu. Kasimiri alivua kofia, na kwa kuwa mimi nina sauti kubwa na nimesoma, nilivikwa mimi. Ilikuwa bado na joto la kichwa chake.

Jioni Chaki walishinda sarafu na wakachagua kumalizia kusini. Tuliongoza moja bila mpaka zikabaki dakika kumi. Kisha wakafunga mbili. Mimi nilikuwa juu ya toroli nikitangaza habari za zege, na sikumbuki mtu aliyelia. Kasimiri alisimama peke yake karibu na bendera ya kona, akiwapigia kelele vijana wetu sauti ikiwa imemkauka: "Pandeni! Pandeni!" Katika uwanja mzima ni yeye tu aliyekuwa anawaambia kazi waliyokuwa wanaifanya.

Mechi ilipokwisha Chaki waliingia uwanjani wakiimba.

"Ni moyo! Ni moyo wa Chaki!"

"Ni mita moja na sentimita nane, wanangu," aliwaambia Mwalimu Bertilla. Walidhani ni mstari wa shairi. Wakauimba na huo.

Sikulala vizuri. Mtu anaweza kupayuka miaka mitatu kwamba nchi haiwathamini wanaojua, kisha akampata mmoja anayejua akamvua kofia. Jumapili kulipokucha nilichukua kofia ile nikaenda Mazwi kuirudisha. Nilikuwa nimeandaa na hotuba.

Nje ya mlango wa Kasimiri palikuwa na benchi. Mwisho mmoja wa benchi alikaa mzee mwenye koti refu, mwisho mwingine mama mtu mzima amejifunga kitenge juu ya sweta, kapu miguuni. Katikati yao wangeweza kukaa watu watatu. Walikuwa wamevaa nguo za misa, wamekuja kwa miguu kutoka Pito, na ilionekana hawakuwa wamesemeshana njia nzima.

Kasimiri alifungua mlango, mswaki mdomoni.

"Wewe ndiye uliyewaangusha wenzako jana?" aliuliza yule mzee.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Ni mimi."

"Vizuri. Mjukuu wangu anacheza timu yenu, alirudi nyumbani analia. Mimi ni Maximilian. Huyu ni Fransiska, mke wa marehemu kaka yangu. Mashamba yetu yanapakana."

"Kila masika maji yanatoka kwake yanabeba ulezi wangu," alisema Mama Fransiska. "Mwaka wa tisa huu."

"Yanatoka kwake yeye."

"Shemeji, maji hayapandi mlima."

"Shamba langu ndilo liko chini. Waulize watu wote."

"Watu wote ni wewe."

"Tumeshakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa," mzee alimwambia Kasimiri, "lakini yeye ni binamu yangu. Tumekwenda kwa katekista, lakini yeye ni mwanakwaya mwenzake huyu. Tunataka mtu asiyewajali wa kwao."

Kasimiri aliutoa mswaki mdomoni. Alionekana anataka kusema kwamba anajali sana. Badala yake aliingia ndani, akatoka na mpira wake wa maji, ndipo akaniona. Nilimnyooshea kofia. Hotuba ilikuwa imenitoka kichwani.

"Hiyo ni ya mwenyekiti," alisema. "Ichukue tu, jua litakuwa kali. Na shika huku." Akanipa ncha moja ya mpira.

Tulikwenda Pito. Mzee alitembea upande wake wa barabara na Mama Fransiska upande wake. Tulipofika nilisimamishwa shambani kwa mzee, Kasimiri akasimama kwa Mama Fransiska, tukangoja maji yatulie. Upepo ulikuwa unapiga, na sikuthubutu hata kujikuna.

Shamba la mzee lilikuwa juu kwa sentimita thelathini na nne.

Mzee Maximilian alikuja akachuchumaa kwenye ncha yangu, akatazama. Akaenda ncha ya pili, akachuchumaa, akatazama.

"Pima tena."

Kasimiri alipima tena. Thelathini na nne. Kengele ya misa ya pili ilianza kulia mbali kule mjini na hakuna aliyeinua kichwa.

"Hata marehemu kaka yangu alikuwa anasema hivyo," alisema mzee mwishowe.

Mama Fransiska hakucheka wala kushangilia. Alitoa daftari la shule kwenye kapu, akatafuta ukurasa safi, akampa Kasimiri pamoja na kalamu.

"Andika," alisema.

"Na sahihi," alisema Mzee Maximilian. "Asipotia sahihi, kesho nitakataa."

Kasimiri aliniomba ile kofia. Akaiweka chini kwenye udongo, akaikalia, akaanza kuandika.