Nyota Tulizopimia Ardhi ya Thika

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya upimaji ardhi nilibebeshwa miguu mitatu. Ndivyo nyapara wetu alivyoiita ile stendi ya mbao inayosimamishiwa thiodolaiti, yaani darubini ndogo iliyokaa juu ya duara la chuma lililochorwa nyuzi za kupimia pembe. Nilikuwa nimetoka kwetu Kalimoni alfajiri, kwa miguu, nimevaa viatu vya kuazima, na mfukoni nilikuwa na cheti cha darasa la nane. Kambi ilikuwa Ruiru, mahema machache kando ya mashamba ya kahawa. Nyapara alikuwa mzee mnene asiyecheka. Alikitazama cheti, akanirudishia.

"Unajua kuandika hesabu?"

"Najua, mzee."

"Vizuri. Leo beba. Utaandika ukishajua uzito wa unachokiandika."

Ndivyo nilivyoanza, katika miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, Serikali ya wakoloni ilipopigana na wapiganaji wa msituni na kumshuku kila Mgikuyu. Vijana wa leo wanaopima shamba kwa mashine inayozungumza na mitambo ya angani huniuliza sisi tulijuaje kaskazini iko wapi. Nawajibu kwamba tuliangalia juu. Hudhani natania.

Mkubwa wetu tulimwita Bwana Mpima, kwa cheo chake. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha walowezi, ila hakuwa mtu wa matusi. Chini yake alikuwa nyapara, kisha sisi wabeba vyombo na wavuta mnyororo. Mnyororo ulikuwa kipimo chetu cha urefu, vipande vya chuma vilivyounganishwa, na mmoja alishika kichwa mwingine mkia. Aliyeshika kichwa ni Kamau, Mgikuyu wa hapo hapo Ruiru, kijana wa rika langu aliyenitangulia kazini. Mimi Mkamba niliwekwa kwenye mkia. Kwa muda mrefu nilimjua zaidi kwa mgongo wake.

Lakini mnyororo hukupa urefu tu. Haukwambii mpaka unaelekea wapi. Dira nayo huvutwa na chuma, hata na mawe ya nchi hii, kwa hiyo mstari wa kwanza wa kila kazi ulibidi uelekezwe kwa jua au kwa nyota. Bwana Mpima alikuwa akifanya kazi hiyo mwenyewe. Siku moja asubuhi, kule Ruiru, mwandishi wake aliugua, akaniita mimi niandike nyuzi anazozisoma. Kamau akasogea kushika mwavuli wa kukinga chombo.

"Wewe angalia," Bwana Mpima aliniambia. "Hapana tia jicho kwa jua bure. Hii kioo nyeusi kwanza, ama jicho nakwisha."

Nilichungulia kupitia kioo cheusi, nikaliona jua kwa mara ya kwanza, duara safi kama sarafu, likitembea. Lilitembea kweli, likavuka uzi mwembamba ulio ndani ya darubini mbele ya macho yangu. Bwana Mpima alisoma ukingo wa kushoto, kisha ukingo wa kulia. Nikashangaa kwa nini asilipime katikati mara moja. Kamau ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, akiwa bado ameshika mwavuli.

"Katikati haina alama. Ukishika kingo zote mbili, katikati yenyewe inajileta."

Bwana Mpima aligeuka akamtazama. "Nani nafundisha wewe?"

"Hakuna, Bwana. Nimefikiri tu."

Kuanzia siku hiyo alitufundisha sisi wawili, wakati wa kungoja chai au lori. Kutoka Ruiru, kilima cha Kilimambogo kiko karibu mashariki kamili, na Kamau alikuwa ameona tangu utotoni, akichuma kahawa na mama yake, kwamba jua huchomoza kushoto kwa kilima wakati wa baridi ya Juni, na kulia kwake wakati wa Krismasi. Alikuwa hajui sababu. Bwana Mpima alichukua chungwa, akalichoma kijiti, akaliinamisha na kulizungusha polepole kuzunguka birika. Birika lilikuwa jua. Kamau alilishika lile chungwa mpaka chai yake ikapoa. Aligundua mwenyewe, kwa kuligeuzageuza, kwamba mwezi wa Machi na wa Septemba jua litasimama utosini petu na mtu atakikanyaga kivuli chake. Alifurahi kama mtu aliyepata ng'ombe wake aliyepotea.

Nyota zilikuwa shida nyingine. Nyota hutoka giza likiingia, na giza likiingia Mgikuyu hakuruhusiwa kuwa nje. Ilikuwa kafyu. Lori lilimshusha Kamau kijijini jua likiwa bado liko juu, akafungiwa pamoja na wenzake ndani ya boma lenye handaki. Mimi, kwa kuwa ni Mkamba, nilibaki kambini na Bwana Mpima. Ndipo nilipojifunza yale ambayo kila anayeanza hujifunza. Nyota humetameta, sayari hutulia. Anga lote hugeuka pamoja kutoka mashariki hadi magharibi, kumbe tunaogeuka ni sisi. Nyota moja huchomoza mapema kidogo kila siku kuliko jana, hivi kwamba baada ya miezi michache zile ulizozizoea jioni zimekwenda zao na nyingine zimeshika zamu.

Kitabu cha Bwana Mpima kilisifu mno nyota ya kaskazini isiyohama. Nikamwuliza iko wapi. Akacheka, akanionyesha chini, kwenye mibuni.

"Iko ndani ya mchanga. Hapa hapana ona. Hiyo nyota ya kwetu Ulaya."

Sisi tuko karibu mno na ikweta. Badala yake alinionyesha zile nyota tatu zilizopangana mstari, ambazo kwetu huchomoza karibu mashariki kamili na kuzama karibu magharibi kamili. Alinionyesha Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, na Msalaba wa Kusini, na Zuhura iking'aa juu ya moshi wa Nairobi.

Kila asubuhi Kamau aliruka kutoka kwenye lori akiuliza kabla ya salamu.

"Jana mliona nini?"

Nami nilimchorea chini kwa kigingi cha chuma. Alikuwa mwanafunzi wa nyota aliyezijua kwa mavumbi tu. Alinikosoa mara nyingi. "Hapana, Mutua. Kama juzi ilikuwa hapo, jana haiwezi kuwa hapa. Utakuwa ulichanganya." Nilikuwa nimechanganya.

Kisha tukahamishiwa Thika. Serikali ilitaka viwanja vya viwanda vipimwe, na mistari yote itokane na mstari mmoja mkuu ulioelekezwa kwa nyota. Bwana Mpima alikwenda mwenyewe kwa Mkuu wa Wilaya akaomba kibali cha Kamau kuwa nje jioni. Alirudi na karatasi yenye muhuri. Kamau aliikunja akaitia kwenye kofia.

"Leo nitaziona," aliniambia. "Wee Mutua, leo nitaziona kwa macho yangu."

Tulipanda mwinuko mmoja nyuma ya mashamba ya mkonge jua likizama. Kabla ya kazi kuanza, Bwana Mpima aliielekeza thiodolaiti kwa Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, akamwita Kamau aangalie. Kamau aliinama pale muda mrefu. Kando ya sayari kulikuwa na vijinyota vidogo vilivyopangana.

"Hivi ni nini?"

"Hiyo ni mwezi yake. Nazunguka yeye."

"Miezi mingi hivyo? Na sisi tuna mmoja tu?" Kamau alicheka kwa sauti, jambo ambalo watu wa Ruiru walikuwa wameacha kulifanya. "Ngai! Na hakuna aliyetwambia."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu mmoja alikwenda kwenye bikoni ya mbali, nguzo ya alama upande wa pili wa mkonge, akasimamisha taa juu yake. Darubini ililenga taa, ikageuzwa kwenye nyota, ikarudi kwenye taa. Pembe iliyo kati ya nyota na taa ndiyo iliyotupa mwelekeo wa mstari. Taa ikisogea kidogo, kila kitu kimeharibika. Bwana Mpima alimtuma Kamau kwa sababu alimwamini kuliko wote kwa utulivu wa mkono. Akaniambia mimi niandike.

Taa iliwaka ng'ambo, ndogo na imara. Tulisoma mara ya kwanza. Bwana Mpima akaigeuza darubini kwenye nyota, akasoma, akarudi kwenye taa.

"Taa nafanya nini?"

Nikatazama. Ilikuwa inayumba.

"Hapana tikisa! Mimi nasema hapana tikisa!" alifoka, kana kwamba Kamau angemsikia. Aliinama tena kwenye darubini. Halafu akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Iko watu pale."

Taa ikazimika.

Tulikimbia kupitia mkonge, miiba ikituchana. Bikoni ilikuwa imesimama. Taa ilikuwa imelala chini, kioo chake kimevunjika, majani yananuka mafuta. Mlinzi wa shamba, Mkamba mwenzangu, alitokea na rungu lake.

"Doria ya polisi imemchukua," aliniambia kwa Kikamba. "Wanasema alikuwa akiwaashiria watu wa msitu. Aliwaonyesha karatasi. Wameichana."

Kesho yake Bwana Mpima aliichukua ile taa akaenda nayo kituo cha polisi Thika, nami nilingoja ndani ya lori. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka hakuwasha injini mara moja.

"Mimi nasema taa ni yangu," alisema. "Wao nasema, sawa, taa ni yako, chukua. Mtu ni yetu."

Taa aliiweka kitini kati yetu.

Alikwenda tena, na tena. Mwishowe aliambiwa kwamba Kamau amekwisha kupelekwa kizuizini, mbali. Tulirudia kipimo kwa taa nyingine na mtu mwingine. Nyota ilikuja mapema kidogo kuliko siku ile, kama ilivyo desturi yake. Nyapara hakutaja jina la Kamau tena, ila kazi ya kichwa cha mnyororo hakumpa mtu kwa muda, akawa anaishika mwenyewe na uzee wake.

Bwana Mpima alirudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Aliyemfuata, Mpima wa Wilaya, alikuwa mtu wa sheria. Chini yake nilipanda, nikawa mwandishi wa vipimo, kisha mpima msaidizi. Niliruhusiwa kuishika thiodolaiti mwenyewe na kuzipima nyota za Thika. Nilikuwa hodari wa kutosha, sisemi uongo. Lakini kila nilipokwama kwenye hesabu, nilijua ni nani angeniambia palipo na kosa.

Miaka ya hamsini ilikuwa inakatika nilipomwona. Alikuwa kwenye kiwanda cha kumenyea kahawa Ruiru, akisukuma maganda kwa koleo. Alikuwa amekonda, na mkono wa kushoto haukunyooka sawasawa. Tulishikana mikono, mikono ikagoma kuachana.

"Rudi kazini," nilimwambia. "Nitasema na mkubwa."

Nilisema naye. Mpima wa Wilaya hakuinua macho. "Mtu aliyetoka kizuizini hashiki chombo cha Serikali. Usilete jambo hili tena."

Nilimpelekea Kamau jibu hilo. Hakushangaa.

"Ulijisumbua bure, Mutua. Kule tulifungiwa kabla ya giza, na taa za mnara zilimulika uwanja mpaka asubuhi. Miaka yote hiyo sikuona nyota hata moja."

"Sasa uko nje. Utaziona."

"Nizitazame nifanye nini? Mimi nilitaka kuzifanyia kazi." Akachukua koleo. "Sasa zimekuwa mapambo tu."

Niliendelea na kazi mpaka kustaafu, chini ya wakubwa wengi, weupe na weusi. Viwanja vile vya Thika vina viwanda hadi leo, na mipaka yake haijabishaniwa. Watu hunipongeza kwa hilo. Siku hizi ukisimama Ruiru jioni huoni kitu juu. Taa za barabara na za mtaa wa Kamakis zimeifanya mbingu kuwa kama moshi. Silaumu mtu, watu wanahitaji mwanga. Ninachojutia ni kwamba kulikuwa na miaka ambayo mbingu ile ilikuwa wazi kabisa juu ya Ruiru, na mtu aliyeitaka kuliko sisi sote alikuwa amefungiwa ndani.

Kamau alifariki akiwa mzee. Kanisani, Ruiru, wasifu wake ulisomwa na binti yake. Ulisema alikuwa mfanyakazi wa kahawa, mzee wa kanisa, baba wa watoto saba, mtu mkimya. Ilikuwa kweli. Kisha wakaniomba, kama rafiki wa zamani, niseme neno. Nilikuwa nimetayarisha mengi. Nilisema moja tu, kwamba Kamau alikuwa mpima ardhi mwenzangu, na alikuwa bora kuliko mimi.

Watoto wake walitazamana. Baada ya maziko mwanawe mkubwa alinifuata penye gari.

"Mzee, baba alikuwa mpima? Hakutwambia hata siku moja."

"Alikuwa."

"Kwa muda gani?"

Nilitaka kumpa hesabu nzuri, kwa kuwa hesabu ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

"Hawakumwachia muda, mwanangu," nilimwambia.